Gramu Kumi za Karatasi

3 Machi
Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo, lakini kurasa zake ni nyingi kuliko vipimo nilivyonavyo, na mimi si mtu wa kuacha kurasa zikae bure. Basi tuandike.

Nina miaka hamsini na sita. Nimeshona nguo za watu kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka macho yakagoma. Siku hizi uzi na tundu la sindano havikutani bila msaada wa mtu wa tatu. Mwezi uliopita niliifunika cherehani yangu, nikahamia chumba cha nyuma kwa kaka yangu, ambaye ni seremala. Binti yangu anaishi mji mwingine na watoto wake wawili, naye ameshaniandalia chumba. "Mama, njoo upumzike," ananiambia kila akipiga simu. Kupumzika! Neno hilo nikilisikia naona kama mtu ananipima urefu kwa ajili ya sanduku.

Nikamwomba kaka anipe kazi karakanani. Alifikiri siku mbili, jambo ambalo si kawaida yake, kisha leo akanijibu mbele ya wifi.

"Kaa msimu huu wa mvua. Tuna meza ya maktaba. Ikitoka vizuri, tutazungumza. Ikiharibika, mdogo wangu, utaenda kwa mwanao ukapumzike. Na mimi nitakufuata, maana hapa sitakuwa na uso wa kuonyesha watu."

Mvua imeanza saa kumi jioni. Nimeipokea kama mgeni wangu.

5 Machi
Mvua. Nimefagia vumbi la mbao mpaka nywele zimekuwa na rangi ya mkate.

8 Machi
Leo nimeiona meza yenyewe, au tuseme nusu yake. Ni mbao mbili nene, urefu wa sentimita mia mbili na arobaini, kila moja ikiwa na ukingo mmoja ulioachwa kama mti ulivyoota, na mabonde na vilima vyake. Zitalazwa kingo hizo zikitazamana, katikati pabaki uwazi unaojipindapinda, na uwazi huo utajazwa epoksi ya buluu. Epoksi ni maji mazito kama asali yanayokuja kwenye makopo mawili. Ukichanganya la kwanza na lile la dawa ya kugandishia, yanakuwa jiwe linalopitisha mwanga.

Mwenye meza ni mkutubi wa maktaba. Alikuja na mwavuli uliokatika mbavu mbili, akazipapasa zile mbao kama mtu anayemtuliza mtoto. Anafungua chumba kipya cha kusomea tarehe thelathini Mei. "Nataka mtoto akichoka kusoma aangalie hapa katikati," akasema, "halafu arudi kusoma." Nimempenda papo hapo.

Kaka alishanunua epoksi. Seti tatu, kila moja lita sita: nne za maji mazito na mbili za dawa. Jumla lita kumi na nane.

"Umejuaje kama zinatosha?" nikamuuliza.

Akagusa shavu chini ya jicho lake la kulia. Mtaa mzima unamwita Jicho, kwa sababu tangu ujana hupima kwa kutazama. Mlango, kabati, kitanda, anafumba jicho moja, anatazama kwa lingine, anakata. Naye mara nyingi hupatia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumponya ugonjwa huo.

"Na zisipotosha?"

"Zitatosha."

"Nauliza zisipotosha."

"Muuzaji anasema barabara imekatika. Mzigo mwingine mpaka mvua zikate. Kwa hiyo zitatosha."

Huo nao ni ushahidi!

9 Machi
Mvua. Wifi kaoka mikate arobaini ya oda, nyumba nzima inanukia. Yeye angalau anapima unga kabla ya kuukanda.

13 Machi
Kaka ametaka kunionyesha epoksi inavyofanya kazi. Akachanganya kidogo, mililita mia mbili, kwenye kopo jembamba la maziwa, akaliweka dirishani, akaanza kunihutubia habari za ujana wake. Hotuba ilikuwa ndefu. Kopo likaanza kutoa moshi. Nikasema, "Kaka, ujana wako unaungua." Tulipogeuka lile kopo lilikuwa limejikunja, na ndani yake mna kitu cha njano kilichopasuka kama ukoko. Kumbe epoksi ikikaa kwa wingi mahali pembamba hujipasha moto yenyewe. Imeandikwa kwenye kopo, kwa herufi ndogo: usimwage zaidi ya sentimita mbili kwa mara moja.

"Wewe umesoma hapo?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unahutubia."

Kina cha uwazi wetu ni sentimita nne. Kwa hiyo tutamwaga mara mbili, tabaka la pili juu ya la kwanza. Na tumebaki na lita kumi na saba na pointi nane. Nimeandika hesabu hiyo hapa kwa sababu nimeona hakuna mwingine anayeiandika.

14 Machi
Mvua, mvua, mvua.

20 Machi
Mbao zimefungwa ndani ya boksi la kumwagia, chini kuna ubao mpana uliovishwa plastiki. Sasa uwazi umejulikana umbo lake na hauwezi tena kubadilika. Nikachukua daftari.

Uwazi ungekuwa mstatili, mtoto wa darasa la tano angeumaliza: urefu mara upana mara kina. Lakini huu upana wake hautulii. Hapa sentimita kumi na moja, hatua moja mbele ishirini na sita, kisha unabana tena kama kiuno. Kaka akasema chukua pale panapobana na pale panapopanuka, ujumlishe, ugawe kwa mbili. Nikamwuliza kama nikimshonea suruali kwa wastani wa kiuno na paja ataivaa. Akaenda kunoa patasi.

Nguo zimenifundisha kwamba umbo lolote lile lina karatasi yake. Nimetoa bunda langu la karatasi ya kaki, ile ninayokatia vipimo vya magauni. Nimeitandika juu ya uwazi, nikasugua chaki kwa ubavu mpaka kingo zote mbili zikajichora. Nikaikunja, nikaenda nayo mezani kwa wifi, nikaikata kwa mkasi wangu mkubwa. Kisha nikakata mraba wa karatasi ileile, sentimita hamsini kwa hamsini. Mraba huo eneo lake linajulikana: elfu mbili na mia tano. Nikauweka kwenye mizani ya mikate. Gramu hamsini. Maana yake kila gramu moja ya karatasi ni eneo la sentimita za mraba hamsini.

Wifi akaacha kukanda. "Unapima meza kwa kilo?"

"Kwa gramu, wifi. Unene wa karatasi ni uleule, kwa hiyo uzito wake unasema eneo lake. Umbo lipinde litakavyo, mizani haijali."

"Haya, mpime huyo mpindaji."

Gramu tisini na nne. Nikaandika: tisini na nne mara hamsini, elfu nne na mia saba. Mara kina cha nne, elfu kumi na nane na mia nane. Yaani lita kumi na nane na pointi nane. Ongeza nusu lita itakayoganda kwenye ndoo na mwiko. Lita kumi na tisa na pointi tatu.

Sisi tunazo kumi na saba na pointi nane.

Nilihesabu mara tatu. Mara ya nne alihesabu wifi, mikono ina unga, akaacha alama za vidole ukurasani. Tunapungukiwa lita moja na nusu.

21 Machi
Nimemwambia. Amesema, "Hilo ni shimo, si gauni," akatoka.

22 Machi
Mvua. Kaka hatoki karakanani. Nimemwona mara mbili amesimama juu ya uwazi, kafumba jicho moja.

24 Machi
Amekubali. Hakusema amekubali, ila leo asubuhi alinijia na swali, "Tukipunguza kina mpaka sentimita tatu na nusu?" Nikahesabu. Zingetosha, na zingebaki. Basi akasema atafungua boksi, atazipiga randa mbao zote mbili nusu sentimita, na meza itakuwa nyembamba kuliko tulivyoahidi. Kesho.

Nilipaswa kufurahi kwamba kanisikiliza. Lakini nilizitazama zile mbao, na rangi ya juu ambayo mkutubi aliipapasa, nikaona zinaenda kuvuliwa ngozi kwa ajili ya hesabu yangu. Ubao ukishapigwa randa haurudi. Nguo ukiipunguza unaweza kuachia mshono, ubao hauna mshono wa kuachia.

25 Machi
Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kelele, ya kwenye bati, unaongea na mtu kama mko ng'ambo mbili za mto. Kaka alifungua boksi upande mmoja, akatoa randa ya umeme, akachomeka waya. Mimi nilishika mwisho wa ubao. Wifi akaingia na chai, na ile karatasi yangu chini ya kwapa.

"Nilitaka niione mahali pake kabla hamjaharibu," akasema. Akaweka chai chini, akaitandaza karatasi juu ya uwazi, akainyoosha kwa viganja. Kisha akasimama, mikono kiunoni.

"Wifi," akasema, "hii nguo imemzidi mwenyewe."

Nikaangalia. Karatasi ilikuwa imepanda juu ya mbao. Pande zote, toka mwanzo hadi mwisho, imezidi karibu sentimita moja. Haikupinda, haikukatwa vibaya, kingo zake zilifuata kila bonde na kila kilima kwa uaminifu, ila nje ya mstari wa chaki. Mstari wenyewe ulionekana wazi ndani yake.

Nafasi ya mshono!

Miaka thelathini na mmoja sijawahi kukata juu ya mstari. Hakuna fundi nguo anayekata juu ya mstari. Unakata nje yake, unaacha nafasi ya kushonea, la sivyo mteja havai. Mkono wangu uliufuata mstari wa chaki na ukaacha nafasi ya mshono kwenye shimo la meza, na kichwa changu hakikujua, kwa sababu kichwa hakijawahi kuulizwa. Nilikuwa nimeishonea epoksi nguo.

Sasa niseme ukweli, kwani daftari ni langu. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja niliwaza nikae kimya. Nani angejua? Wifi asingejua maana yake. Mbao zingepunguzwa, epoksi ingetosha na kubaki, mimi ningeitwa fundi wa hesabu. Nikikiri, basi huyo hapo, mama wa watu kakosea hesabu ya kwanza aliyopewa, mpelekeni akapumzike. 

Kaka akawasha randa.

"Zima!" nikapiga kelele. Mvua ikaninyang'anya sauti. "Kaka, zima! Nimekosea mimi!"

Hakusikia. Nikauchomoa waya ukutani kwa mikono miwili, nikaanguka nao kwenye rundo la maranda.

Nikamweleza nikiwa hapohapo chini. Nafasi ya mshono, mstari wa chaki, gramu. Sikuficha kitu. Alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye maranda karibu nami, akavua kofia akajifutia machozi. "Umeliachia nafasi," akasema, "shimo! Likinenepa je?" Na akaanza upya.

Wifi alikwenda kuleta mkasi wangu. Nikakata juu ya mstari kabisa, mkono ukinikatalia njia nzima, nikaenda kupima. Kile kipande chembamba kilichokatika, nilichokiviringisha kama utepe, kilikuwa na gramu kumi. Karatasi iliyobaki, themanini na nne. Mara hamsini, mara nne: lita kumi na sita na pointi nane. Na nusu lita ya kuganda kwenye ndoo, kumi na saba na pointi tatu.

Tunazo kumi na saba na pointi nane. Zinatosha, na inabaki nusu lita.

"Jicho lako lilikuwa sahihi," nikamwambia kaka. Ilinichoma kidogo kusema, lakini haki ni haki.

Akaacha kucheka. Akachezea waya wa randa.

"Jicho gani?" akasema. "Dukani zilikuwa zimebaki seti tatu. Nikachukua zote."

Wifi ndiye aliyejibu. Alipiga kofi moja kubwa, unga ukaruka hewani, akasema kwamba katika nyumba hii mwenye akili timamu ni mizani peke yake.

Nina furaha leo ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nimekosea mbele ya watu na bado niko hapa.

26 Machi
Mvua. Boksi limefungwa tena.

2 Aprili
Mvua. Epoksi haipendi unyevu. Ukiimwaga hewa ikiwa na maji inapata ukungu, na mbao zenyewe lazima ziwe kavu. Tunahitaji siku tatu za jua. Tumeshaomba, tumeshalaumu, sasa tunasubiri tu.

6 Aprili
Mvua. Kaka kanifundisha kupiga msasa. Naanza na ule wa kukwaruza, namaliza na ule laini. Mikono yangu inalijua jambo hili, ni kama kupiga pasi.

7 Aprili
Mvua.

11 Aprili
Mkutubi kaja kuangalia, mwavuli sasa umekatika mbavu tatu. Kaka akamwelezea habari ya gramu na karatasi kwa madaha makubwa, kana kwamba alizaliwa akiijua. Sehemu ya mshono akairuka. Nilikuwa nyuma yake, nikaisema mwenyewe. Mkutubi alicheka mpaka akasahau kwamba tumechelewa.

Nilidhani kaka angenikasirikia. Mgeni alipoondoka, kaka akasema tu, "Ningekuwa mimi nisingesema." Nimemjua kaka yangu miaka hamsini na sita, na sikujua kwamba ana woga wa kuonekana amekosea. Nilidhani hana woga wowote. Ndiyo maana hapimi, maana anayepima hupata ushahidi.

15 Aprili
Binti kapiga. Chumba kimepakwa rangi. Wajukuu wananichora picha, mimi nimekaa kwenye kiti. Kila picha nimekaa.

19 Aprili
Mvua, lakini ya kinafiki, inanyesha huku jua limewaka.

25 Aprili
Kavu!

26 Aprili
Kavu. Hakuna anayelisema kwa sauti.

27 Aprili
Kavu siku ya tatu. Tumemwaga.

Niliandika mpango ukutani kwa chaki: mara tatu leo, kila mara lita tatu, mbili za maji mazito na moja ya dawa. Kaka alitaka kumimina kutoka kopo kwa kutazama. Nikamshikisha jagi lenye alama. Alilitazama kama mtu mzima aliyepewa kijiko cha mtoto, lakini alipima, na alipofika kwenye alama aliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Mimi nikatia rangi ya buluu, nikakoroga, polepole, dakika tano kwa saa, pembeni na chini kabisa, kwa sababu kinachobaki chini bila kukorogwa hakigandi maisha.

Ndoo ya kwanza ikaingia. Ile buluu ilitambaa kati ya mbao ikaingia kila bonde bila kubakiza. Sikuwahi kuona nguo ikimkaa mtu vile.

Ndoo ya pili ilipoingia, wifi akasema, "Mbona kunadondoka?"

Chini ya boksi, kona ya nyuma, tone. Kisha tone. Kisha uzi mwembamba wa buluu usiokatika. Kaka alilala chini chali, akaweka kidole. Uzi ukapita pembeni ya kidole. Akaomba utepe, utepe ukateleza. Tuna nusu lita tu ya kupoteza, nami nilikuwa naihesabu ikianguka.

Wifi alitoka mbio akarudi na donge la unga aliokuwa ameukandia mikate ya kesho. "Sogea," akamwambia mume wake. Akajisukuma chini ya meza na gauni lake, akalibandika lile donge kwenye kona, akalikandamiza kwa ngumi kama anavyokanda kila siku alfajiri. Uzi ukakatika. Tukahesabu mpaka mia. Halikudondoka tone.

Chini tulikuwa tumetandika plastiki, kwa hiyo kilichomwagika kilikuwa kimekaa palepale. Nikakikusanya kwenye jagi kwa mwiko wa mpira kabla hakijashika. Kilikuwa na takataka, hakifai tena, lakini nilitaka kukijua. Mililita mia tatu na hamsini. Nikafuta ukutani nusu lita, nikaandika: 0.15. Kikombe cha chai hakijai.

Ndoo ya tatu ikaingia. Pima maji inasema meza imelala sawa. Wifi hakutoka chini mpaka unga umekauka. Anasema oda ya kesho imepungukiwa mkate mmoja na mteja ataambiwa ukweli, kwamba uko mezani.

28 Aprili
Kavu, mawingu yanajikusanya. Tabaka la kwanza limekuwa gumu, ukibonyeza kidole hakiachi alama. Tumemwaga la pili.

Zilibaki lita nane na pointi nane. Tulikomba makopo, tukayageuza juu chini, tukayaacha yadondoshe mpaka mwisho.  Kaka alipima mara mbili kila jagi. Ndoo ya mwisho alinipa mimi.

"Mwaga wewe," akasema. "Hesabu ni yako."

Nilimwaga. Buluu ikapanda, ikapanda, ikafika karibu na usawa wa mbao, na ndoo ikawa tupu. Upande wangu ulikuwa umejaa. Upande wa mbali, pale panapobana kama kiuno, ukingo wa mbao bado ulionekana, umezidi epoksi kwa unene wa kucha. Nikakomba ndoo kwa mwiko. Nikakomba mwiko kwa kidole cha glovu. Hakuna zaidi.

Tulisimama watatu. Epoksi haina haraka. Inajitafutia usawa wake polepole, inatoka penye wingi inaenda penye upungufu, nasi hatuna la kuisaidia. Kaka alipiga magoti mwisho ule, shavu juu ya ubao. Nikamwona amefumbua macho yote mawili.

"Inakuja," akasema. Baada ya muda, "Bado." Kisha, "Inakuja." Kisha akaweka ukingo wa rula juu, kutoka ubao hadi ubao, akauvuta pole kwa urefu wote wa meza. Rula haikuonyesha mwanga chini yake popote.

Wifi akapiga vigelegele. Mimi nililia, sioni haya. Saa tisa mvua ikarudi kwa nguvu zake zote, tukaicheka kwenye dirisha lililofungwa.

6 Mei
Mvua. Epoksi imekauka kama jiwe. Nimeanza msasa.

7 Mei
Msasa.

8 Mei
Msasa. Mabega si yangu.

17 Mei
Mafuta ya kwanza yamepakwa. Kaka alivuta pazia, jua la mvua likapita katikati ya meza na kutupa rangi ya buluu sakafuni. Tukaacha kazi dakika nzima.

30 Mei
Chumba kimefunguliwa. Watoto kumi na wawili walikaa mezani, na wote kumi na wawili hawakusoma hata mstari, walikuwa wameinamia ile buluu. Mkutubi akasema watasoma kesho. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mwavuli aliuacha nyumbani, na hakulowa.

2 Juni
Mvua zimekatika rasmi, redio imesema. Nasubiri yale mazungumzo. "Ikitoka vizuri, tutazungumza," ndiyo ilikuwa ahadi. Kaka anazungumza juu ya misumari.

3 Juni
Juu ya gundi.

5 Juni
Nimetoa begi chini ya kitanda, nikapanga nguo mbili tatu. Sitamlazimisha. Msimu umekwisha, na nilipata zaidi ya nilichoomba. Wifi kapita mlangoni, akaliona begi, akaenda bila kusema. Wifi kukaa kimya si dalili nzuri.

6 Juni
Asubuhi nilikuwa nafagia. Simu ya kaka ikalia, akaweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ina gundi. Mtu mmoja anataka kaunta ya duka la dawa, ndefu, yenye kona, na epoksi katikati kama ile ya maktaba. Anauliza zitahitajika lita ngapi.

Nikamwona kaka anainua mkono kuelekea shavuni. Mkono ukasimama hewani, ukarudi chini.

"Subiri kidogo," akasema kwenye simu. "Hilo muulize fundi mwenzangu. Yeye ndiye anayejua."

Akanigeuzia simu.

Mazungumzo tuliyoahidiana ndiyo yalikuwa hayo, hayakuongezwa neno, na mimi sikuhitaji. Niliweka ufagio ukutani, nikamwuliza yule mtu urefu, upana na kina, nikamwambia nitakwenda mwenyewe na karatasi yangu kuchukua umbo.

Kisha nikampigia binti yangu. Nikamwambia kile chumba alichokipaka rangi akitumie kwa jambo lingine, na wajukuu waje kwangu likizo hii, ila wakifika mchana waje moja kwa moja karakanani, bibi yao yuko kazini.